Sura ya Sita: Nyoka wa Ukutani

Mwaka 1953, kampuni ya Faber and Faber ya London ilichapisha kitabu kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Tanganyika. Mwandishi wake alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kuchunguza mila za wenyeji. Mwaka huohuo alitoa pia kitabu chake kinachojulikana zaidi, cha sheria na desturi za Wasukuma. Kile cha sheria bado kinatajwa na wanahistoria na wanasheria. Kile cha michoro wanakitafuta wachache, na nakala zake ni za kubahatisha. Mimi nikiambiwa nichague kimoja cha kuokoa nyumba ikiungua, nitaokoa cha michoro. Sheria na desturi zimeandikwa na wengi, lakini kuta zile zimekwisha anguka.

Wacheza nyoka wenyewe ni Wayeye. Msomaji wa Bariadi, Maswa, Itilima au Meatu hahitaji kuambiwa ni nani, maana bado wanaitwa kwenye sherehe na mashindano ya ngoma, na bado mtu anatoka uwanjani amejizungushia chatu mabegani huku watoto wakikimbia na kurudi. Wa mbali ajue tu kwamba buyeye ni chama cha jadi cha Wasukuma: kina dawa zake za sumu ya nyoka, kina ngoma yake, kina ngazi zake, na kina mambo yasiyosemwa mbele ya asiye mwanachama. Michoro ilikuwa sehemu ya mambo hayo. Ilichorwa ndani ya nyumba, si nje, na mwanafunzi aliyekuwa anaingizwa chamani aliwekwa mbele yake akafundishwa. Kulikuwa na nyoka, watu, wanyama wa porini, viumbe wa hadithi, na vitu vya angani.

Nikionyesha kurasa za kitabu hiki kwa watu, swali la kwanza huwa moja: hii ina maana gani? Ni swali halali, lakini likija mapema mno linaua macho. Mtu akishaambiwa kwamba nyoka fulani ni mzimu wa fulani, hamtazami tena yule nyoka. Anageuza ukurasa. Katika sura hii naomba tulifungie swali la maana kwenye sanduku kwa muda, tuulize jingine: mkono ulifanya nini? Ulianzia wapi, ulibeba rangi ya aina gani, uliikwepa shida ipi? Mchoro wa zamani haukupi jina la mchoraji wala tarehe, ila kazi ya mkono wake bado imelala pale juu, yeyote mwenye subira anaisoma.

Tuanze na ukuta. Nyumba ya jadi ya Msukuma ni msonge: fito zimesimamishwa kwa duara, zikafungwa kwa kamba, zikakandikwa udongo, kisha uso ukalainishwa kwa udongo laini uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Aliyewahi kukandika anajua uso huo ulivyo. Ukikauka unapasuka nyufa nyembamba, nyuzi za majani ya samadi zinajitokeza, na kila mahali pana vilima na mabonde vidogo vya vidole vya aliyekandika. Rangi ikipakwa juu yake inashika vilima kwanza. Mchoraji akitaka mstari mwembamba ulionyooka, ukuta unamkatalia. Ndiyo maana michoro ya aina hii inapenda maumbo mapana yaliyojazwa rangi bapa, bila kivuli, wanyama wakitazamwa kwa ubavu na mtu akisomeka kwa umbo lake zima, kutoka kichwani hadi miguuni. Wapo waliouona mtindo huo wakauita wa kitoto. Wangepewa udongo uleule na ukuta uleule, sijui wangefanya nini.

Rangi nazo ni chache, na zinatoka karibu. Nyekundu na kahawia ni udongo wenye kutu ya chuma, ule unaoonekana barabara inapokatwa mlimani. Nyeupe ni udongo mweupe au majivu. Nyeusi ni mkaa na masizi. Rangi za namna hii hazichanganyiki kupata elfu moja nyingine, kwa hiyo mchoraji hapati tofauti kwa kuchanganya, anaipata kwa kupanga. Nyeupe juu ya nyekundu inaruka mbele. Nyeusi juu ya kahawia inarudi nyuma. Doa jeupe lililowekwa katikati ya mgongo mweusi linafanya kazi ambayo mchoraji wa Ulaya angeifanya kwa mafuta na vivuli vya siku tatu. Ukikutana na mchoro wenye rangi tatu tu, hesabu ni mara ngapi rangi hizo zimekutanishwa. Hapo ndipo akili ya mchoraji ilipotumika.

Kisha kuna duara. Picha kwenye karatasi unaiona yote kwa mara moja. Nyoka mrefu aliyechorwa kwenye ukuta wa msonge huwezi. Umbo la nyumba linamzungusha, sehemu moja iko mbele yako na nyingine iko nyuma ya bega lako, na mwanga wenyewe unaingia kwa mlango mmoja. Ili umwone lazima ugeuke. Kitabu hakiwezi kutupa jambo hilo, hata kikichapishwa vizuri namna gani.

Sasa nyoka mwenyewe. Chukua wanne wanaojulikana katika mkoa wetu wa Simiyu: kifutu, koboko, swila na chatu. Kifutu ni mfupi, mnene, shingo imebanwa ghafla nyuma ya kichwa kipana, na mgongoni ana alama kama herufi V zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Koboko ni mwembamba, mrefu, hana mapambo yoyote, kichwa chake kimerefuka kama jeneza. Swila anatanua shingo. Chatu ana mabaka makubwa yenye kingo nyeusi. Mpe mchoraji rangi tatu na ukuta wa samadi, umwambie awachore wote wanne wasichanganyike. Hawezi kuchora magamba. Hawezi kuchora mng'ao wa ngozi. Lazima achague alama moja au mbili kwa kila mmoja, azikuze, aache mengine yote. Kwa koboko, kuacha mgongo mtupu ni uamuzi sawa na kuujaza mgongo wa kifutu.

Uamuzi huo kwa Wayeye haukuwa wa urembo. Anayefundishwa mbele ya ukuta ule kesho anaingia kichakani kukamata. Akimdhania kifutu ni chatu mdogo, anapoteza vidole au mguu, pengine zaidi. Kwa hiyo mchoro unasema jambo moja kwa uhakika kuhusu aliyeuchora: alikuwa amewashika. Naliona hilo hasa kwenye shingo. Mtu anayemjua nyoka kwa kumsikia huchora kamba yenye kichwa mwishoni. Aliyemshika anajua mahali kidole gumba kinapokaa, na mahali hapo hapakosei.

Yote haya, hata hivyo, tunayatazama kupitia mkono wa pili. Kitabuni mna nakala. Kila nakala ina watu wawili ndani yake, aliyechora na aliyenakili, na kazi ya mtazamaji ni kuwatenganisha. Aliyenakili kwenye karatasi ana uso laini, ana mwanga, ana muda wa kufuta. Kingo za umbo zikiwa safi mno, huenda usafi huo ni wake. Mpangilio wa madoa, idadi ya miguu ya mnyama, uwiano wa kichwa na mwili, hayo mara nyingi yanavuka salama. Unene wa rangi, nyufa, alama za kidole na ukubwa wenyewe havivuki. Msimamo wangu ni kuamini nakala kwa mpangilio na kuishuku kwa ulaini.

Tunayo nafasi nzuri ya kujifunza shuku hiyo, kwa sababu mkoa wetu na nchi za jirani zimepitiwa na wachoraji wa aina nyingine kabisa. Februari 1875, mpelelezi Henry Morton Stanley aliingia Usukuma na msafara wake, akaufuata mto aliouandika kwa tahajia yake mwenyewe kuwa Shimeeyu. Ndio Mto Simiyu, uliotoa jina la mkoa ulipoundwa mwaka 2012. Tarehe 27 mwezi huo alifika Kageyi, kwenye Ghuba ya Speke, maji yaleyale yanayoonekana leo kutoka ufukwe wa Busega. Miaka mitatu baadaye akatoa kitabu cha juzuu mbili kilichojaa picha. Kabla yake, mwaka 1860 hadi 1863, John Hanning Speke na James Augustus Grant walipita upande wa magharibi wa Ziwa Victoria, kupitia Unyamwezi na Karagwe. Grant alikuwa mchoraji. Miezi aliyokwama Karagwe kwa mfalme Rumanyika kwa sababu ya kidonda cha mguu aliitumia kwa karatasi na rangi za maji.

Picha za Grant zimehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Uskoti. Ni ndogo, za haraka, na nyingi zina maandishi ya mkono pembeni, mengine ya tarehe. Rangi ya maji haisubiri. Ikikauka imekauka, kwa hiyo unaona alipoharakisha na alipotulia. Lakini Waingereza wa wakati ule hawakuona karatasi hizo. Waliona kitabu cha Speke cha mwaka 1863, ambamo michoro ya Grant ilikuwa imechorwa upya na msanii wa London, Johann Baptist Zwecker, kisha ikachongwa kwenye mbao ili ichapwe. Zwecker hakuwahi kukanyaga huku. Alikuwa mzuri kwa wanyama na umati wa watu, na alipokosa habari alijaza kwa ustadi.

Uchongaji wenyewe ni wa kustaajabisha. Mbao ngumu sana hukatwa kupinga nyuzi zake ili uso usichanike, halafu fundi huchimba kwa chuma chembamba chenye ncha. Anachokichimba kitabaki cheupe kwenye karatasi. Anachokiacha kitashika wino. Hana rangi ya kijivu. Kijivu chote unachokiona angani, majini au kwenye ngozi ya mtu ni mistari myeusi iliyokaribiana au kuachana. Miti yenye mbao hizo ni myembamba, kwa hiyo picha kubwa ilikatwa vipande, mafundi tofauti wakachonga kila kimoja, kisha vikaungwa kwa boliti. Chukua picha kubwa yoyote ya karne ile, iinamishe mwangani, utafute mstari mweupe mwembamba ulionyooka unaokata anga na ardhi bila sababu. Ndio mshono. Ukishauona mara moja hutaacha kuuona.

Utaona pia kitu kingine. Fundi wa London alikuwa na mistari yake ya nyasi, mistari yake ya maji, mistari yake ya misuli ya mtu mweusi. Alijifunza kiwandani na aliitumia kwa Afrika yote. Nyasi za ufukwe wa ziwa letu zimechongwa sawa na nyasi za mahali pengine popote, na miti nayo inageuka minazi pasipo na mnazi. Ufundi ni wa hali ya juu na ujuzi wa mahali ni sifuri. Mweke Myeye na rangi zake tatu pembeni ya fundi yule na mistari yake elfu: mmoja hakuweza kuchora magamba lakini alijua shingo, mwingine aliweza kuchora kila unywele na hakujua mti. Sina haja ya kumpunja yeyote. Nataka tu neno ustadi lisitumike kwa mmoja peke yake.

Mafundi wa mabango wa Bariadi mjini wanaielewa mada hii kuliko wasomi wengi. Fundi anayeandika jina la duka ukutani kwa brashi hupima kwanza kwa macho, huanzia herufi ya katikati au hupiga mistari miwili ya chaki, na anajua rangi ya mafuta itakimbilia chini akiizidisha. Ukimwonyesha picha ya zamani, hakuulizi maana. Anakuambia, hapa aliishiwa rangi, akachovya tena. Kaa naye nusu saa wakati anafanya kazi, halafu ndipo ufungue vitabu.

Utazamaji huo wa kufuata pale rangi ilipoisha ndio unaofaa ukienda Kolo, wilaya ya Kondoa. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na eneo lake ni la kilomita za mraba 2,336. Mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi huko mwaka 1951, akinakili kwa mkono takriban maumbo 1,600, na matokeo yake aliyatoa kitabuni mwaka 1983. Huko uso ni jiwe, si samadi, na tofauti inaonekana mara moja. Jiwe linaruhusu mstari mwembamba. Watu wamerefushwa, viuno vyembamba, vichwa vikubwa vya nywele au kofia, na miili mara nyingi imejazwa mistari myekundu inayokwenda sambamba badala ya kupakwa yote. Tazama mstari mmoja wa mguu: unaanza mnene kwenye paja, unapungua kuelekea kifundo, na haukuinuliwa katikati. Huo ni mkono mmoja, pumzi moja, kwenye jiwe lililoinama juu ya kichwa cha mchoraji.

Picha maarufu ya Kolo inaonyesha watu watano. Aliye katikati ana matiti. Wawili wamemshika upande mmoja, wawili upande wa pili, na wa upande mmoja wana vichwa vya ajabu kama wamevaa vinyago. Mary Leakey aliiona kuwa ni utekaji. Wengine, wakiangalia mila za Wasandawe wa eneo hilo, wakaona ni ngoma ya kupandisha mzimu. Mabishano hayo yamechukua kurasa nyingi. Mimi huwa naangalia mikono yao. Mikono inayomshika yule wa katikati imechorwa kwa mstari wa uzito uleule pande zote mbili, na mwili wake haujaelemea upande wowote. Kama anavutwa, mchoraji hakutuonyesha nani anashinda. Hilo halimalizi mabishano, ila linawataka wanaosema utekaji watoe maelezo.

Michoro myeupe ya Kondoa, iliyokuja baadaye na kupakwa kwa vidole juu ya ile myekundu, watalii huipita haraka kwa sababu ni minene na haina madaha. Wanakosea. Mahali nyeupe inapoikata nyekundu ndipo pekee jiwe linapokuambia nani alitangulia.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Moru, kwenye mawe makubwa ndani ya Hifadhi ya Serengeti, ambayo mkoa wetu unapakana nayo. Huko vijana wa Kimaasai walichora ngao kwa nyekundu, nyeupe na nyeusi kabla ya Wamaasai kuhamishwa kutoka hifadhini mwaka 1959. Ngao zimechorwa kutoka mbele, zikiwa na mstari wa wima katikati na mapambo yakigawanywa na mstari huo. Kwa Wamaasai mapambo ya ngao ni utambulisho, kwa hiyo anayezijua hazitazami kama urembo, anazisoma. Msukuma na Mmaasai walipokonyana ng'ombe mbugani kwa vizazi, na nadhani wazee wetu waliisoma ngao haraka kuliko mtaalamu yeyote wa leo.

Jiwe la Simiyu nalo lipo tele. Kutoka Lamadi hadi Bariadi, na kushuka Meatu kuelekea Ziwa Eyasi, nchi imejaa miamba yenye vibanda vya asili ambamo wachungaji hujikinga mvua. Chini ya mawe kama hayo bado inaweza kupatikana michoro isiyojulikana: mwaka 2018 mtafiti Maciej Grzelczyk wa Chuo Kikuu cha Jagiellonian cha Poland alikuta michoro Amak'hee, katika Pori la Akiba la Swaga Swaga mkoani Dodoma, akaitangaza kwa wasomi mwaka 2021. Jiwe lililoinama lilikuwa limeikinga isipigwe na maji wala jua. Kati ya maumbo hayo kuna watatu wenye vichwa vinavyofanana na vya nyati, na miongoni mwa vilivyomfanya aseme nyati ni kitu kidogo mno: kibonde cha katikati ya kichwa, pale pembe zinapoanzia kabla ya kupinda kwenda nje.

Mchungaji wa Meatu akikuta rangi nyekundu chini ya jiwe, jambo la kwanza ni kutoimwagia maji. Maji huifanya ing'ae kwa dakika chache na picha ya simu hutoka vizuri, kisha yakikauka yanaleta chumvi ya jiwe juu na kuacha ukungu mweupe usiotoka. Moshi wa moto wa kambi nao ni hivyohivyo. Asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, mwanga wa ubavu unatosha. Apige picha ya jiwe zima kwanza, kisha ya karibu akiweka kando, bila kugusa rangi, kitu chenye urefu unaojulikana, hata kiberiti. Halafu apeleke habari kwa ofisa utamaduni wa wilaya.

Na anayetaka kuta za Wayeye anazo njia mbili. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, yako kando ya njia ya kutoka Mwanza kuja kwetu, na Wayeye wana nafasi yao humo. Karatasi za Cory ziko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nenda na lenzi ya kukuzia, na uombe ukae na ukurasa mmoja kwa muda mrefu kuliko mhudumu anavyotarajia.